Ushauri: Wiki nzima kwenye boti kutafuta makoa wa baharini, niende?

Binti Nyamasaria (Kisumu)
Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kisumu. Nina cheti cha kwanza cha kupiga mbizi, nilikipata Diani, kinaniruhusu kushuka hadi mita 18. Kinachonivuta huko chini ni makoa wa baharini, wale wasio na gamba, wenye rangi kali, ambao wanasayansi huwaita nudibranki. Papa na kasa ni wazuri, sikatai, lakini mimi naweza kukaa mbele ya koa wa sentimita tatu mpaka hewa ikaribie kwisha.

Binamu yangu aliye ng'ambo ananialika tuingie boti moja ya Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Mnakula humo, mnalala humo, mnazamia mara tatu au nne kwa siku kwa wiki nzima. Pesa yenyewe ni akiba ya muda mrefu. Hofu yangu ni kwamba abiria wengine watakuwa wanafuata papa na meli zilizozama, kiongozi aende mbio, mimi niachwe. Tena Diani nilikuwa naonyeshwa. Peke yangu siwaoni kabisa. Niende, au pesa hiyo niitumie Watamu au Shimoni? Na nikifika majini, natafutaje?

Mzamiaji wa Gede
Karibu mwalimu. Mimi huongoza wapiga mbizi huku Watamu, kwa hivyo nianze na hilo la mwisho. Usimtafute koa, tafuta chakula chake. Koa huchagua sana. Aina nyingi hula kitu kimoja au viwili tu maishani. Wale wenye shada la matamvua ya kupumulia karibu na mkia, wengi hula sponji, wale wanyama wenye matundu walioganda mwambani. Wale wenye vidole laini mgongo mzima, wengi hula haidroidi, wale wanyama wadogo wenye matawi wanaowasha ukiwagusa. Koa huyo humeza sumu ya kuwasha bila kuilipua, akaihifadhi kwenye ncha za vidole vyake imlinde yeye.

Huko Misri yupo mmoja, Chromodoris quadricolor, ana mistari myeusi na myeupe na ukingo wa rangi ya chungwa. Huyo mtafute juu ya sponji nyekundu yenye matawi iitwayo Negombata magnifica. Jifunze sponji hiyo kwa picha kabla hujasafiri, utamwona hata kiongozi akiwa ameshapita.

Halafu angalia mayai. Huwa ni utepe uliojizungusha na kubandikwa kwenye mwamba, na ukiwa mbichi mtagaji mara nyingi hayuko mbali. Utepe wa Hexabranchus sanguineus, yule mwekundu anayefika sentimita 40 na kuogelea kwa kupunga kingo za mwili, ni kama waridi jekundu. Mchana hujificha, usiku hutoka. Ukimpata, chungulia matamvua yake polepole: mara nyingi kuna kamba mdogo amempanda.

Beba tochi hata mchana. Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine, na koa mwekundu kwenye mita 15 huonekana wa kijivu. Zaidi ya yote, nenda taratibu mno. Mita kumi za mwamba zinatosha mbizi nzima.

Mtu wa Mamboleo
Samahani kwa swali la kando. Ziwani kwetu hawapo?

Binti Nyamasaria (Kisumu)
Hawapo ndugu yangu. Hawa ni wa maji ya chumvi. Victoria tuna konokono, wakiwemo wanaobeba vimelea vya kichocho. Ndiyo maana nataka picha nzuri, wanafunzi wangu waone mnyama aliye dume na jike kwa wakati mmoja, wasibaki na mchoro wa kitabuni tu.

Kaka Milimani
Boti za namna hiyo nimezipanda, na sikubaliani na wanaosema ni za papa tu. Unapata mbizi nyingi, na boti ikitia nanga jioni kwenye mwamba uliotulia unazamia usiku palepale. Kwa mpenda makoa hilo ni jambo kubwa. Kinachoamua ni njia itakayopita boti. Muulize binamu leo hii.

Ikiwa ni Brothers, Daedalus na Elphinstone, usilipe. Hizo ni kuta zinazoshuka kwenye kina kirefu, mikondo ina nguvu, watu wanaangalia papa, na mwenye cheti chako huenda asikubaliwe. Ikiwa ni ya kaskazini, siku zitaliwa na meli kama Thistlegorm iliyozamishwa 1941, ambayo imelala kwenye mita 30 hivi. Ikiwa ni ya kusini, kule Fury Shoal kwenye matumbawe ya kina kifupi, hapo nenda. Omba kwa maandishi kwamba wewe na binamu mnaweza kubaki sehemu moja bila kufuata kundi.

Bondeni Nakuru
Dada, hakuna aliyegusia safari ya kurudi, na sisi watu wa bara ndiyo inayotuhusu zaidi. Baada ya siku kadhaa za mbizi, naitrojeni bado imo mwilini, na ukipanda juu mapema inaweza kufanya mapovu na kukudhuru. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wengi husema 24, na mimi nakuomba ushike hiyo 24.

Ukichagua Watamu, usidhani basi au treni inakuokoa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850 hivi, na barabara ya kwenda kwenu kupitia Mau Summit inapita mita 2,000. Hewa ndani ya ndege husawazishwa kama uko mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo kupanda basi la usiku mara tu baada ya mbizi ya mchana ni sawa na kupanda ndege. Siku ya mwisho iache kavu kabisa.

Binti Nyamasaria (Kisumu)
Hilo la Mau Summit sikuwa nimeambiwa na yeyote. Asante sana kaka. Nimemuuliza binamu, amejibu: ni Brothers, Daedalus na Elphinstone. Basi sitalipa. Nimemwomba aje yeye nyumbani likizo ya Desemba, twende Watamu. Mzee wa Gede, wakati huo maji yanafaa?

Mzamiaji wa Gede
Yanafaa. Upepo wa kaskazi huwa umeanza na bahari imetulia kuliko wakati wa kusi. Panga siku zako ziguse bamvua, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo huku maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na kwenye vidimbwi vya mwambani unaweza kutafuta makoa bila mtungi. Vaa viatu, usikanyage matumbawe, na ndani ya hifadhi usichukue kitu. Mkiniambia mapema, nitawatengea mbizi ya usiku yenu wawili tu.