Namba ya NIDA kuwa ufunguo mkuu wa jedwali: niiweke aina gani?

Kijana wa Sahare
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, natengeneza kanzidata ya kikundi cha wavuvi wa hapa Sahare: jedwali la wavuvi, la vyombo, na la samaki wanaoshushwa, nani kaleta nini, kilo ngapi. Natumia programu ya kanzidata ya PostgreSQL. Kila mvuvi ana namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na katibu anazo zote kwenye Excel, kwa hiyo nataka ndiyo iwe ufunguo, yaani namba ya kutambulisha kila mstari wa jedwali. Nikiweka namba kamili ya biti 64 inakataa. Nikiweka nukta inayoelea (float, aina ya namba zenye desimali) inakubali. Niendelee?

Fundi Makorora
Usiendelee, mkuu. Tafadhali sana.

NIDA ina tarakimu 20. Biti 64 inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19, ndiyo maana imekataa. Hata MySQL, programu nyingine ya kanzidata, ambako unaweza kuondoa namba hasi, mwisho ni 18,446,744,073,709,551,615, na NIDA huanza na mwaka wa kuzaliwa, 19 au 20. Kwa hiyo ni kubwa kuliko hiyo, haiingii.

Nukta inayoelea imekubali kwa sababu inakadiria. Zaidi ya 9,007,199,254,740,992 haikuhakikishii tena kila namba kamili, na ikifika ukubwa wa NIDA inaruka kwa hatua za 4,096. Namba mbili zilizopishana tarakimu tatu za mwisho tu zinaweza kuhifadhiwa kama moja. Samaki wa huyu wataandikwa kwa yule, na hapo tunazungumzia riziki ya watu.

Kabla ya yote, fungua faili la katibu. Ukikuta seli imeandikwa 1.98703E+19, Excel imebakiza tarakimu 15 tu, tano za mwisho zimekuwa sifuri. Kubadili mwonekano wa seli hakuzirudishi. Itabidi wavuvi walete vitambulisho, mwandike upya seli zikiwa za maandishi.

NIDA weka kama maandishi ya herufi 20, na sharti la kutojirudia. Hufanyi nayo hesabu yoyote. Ufunguo uwe namba kamili inayotolewa na kanzidata yenyewe.

Kijana wa Sahare
Ahsante sana, fundi. Nimefungua, ni hivyohivyo, E+19 tupu. Ufunguo wenyewe sasa uwe biti ngapi? Au nitumie namba ya simu?

Mama Chumbageni
Simu hapana, mwanangu. Ukiiweka kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea, na watu hubadili laini.

Fundi Makorora
Biti 32 inatosha: inafika 2,147,483,647. Mkiandika mistari 500 kwa siku, ni zaidi ya miaka 11,000. Biti 16 ingeishia 32,767, miezi miwili na ushee umekwama. Na safu ya mvuvi kwenye jedwali la samaki iwe aina ileile, biti 32 kwa 32. Kilo ndizo ziwe desimali, ila za aina isiyokadiria.