Super Metroid: acheni kutupanga kwamba haina kasoro, nusu ya gemu ilikuwa kwenye kitabu

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wenye ushabiki maandazi piteni tu kimyakimya.

Kila orodha ya gemu bora za miaka ya 90, Super Metroid, ile gemu ya Nintendo ya 1994 kwenye mashine ya SNES, iko juu. Ukiuliza gemu gani ya zamani bado inachezeka leo, unatajiwa hiyohiyo, na sababu ni ileile ambayo watu wameikariri: eti haina maneno mengi, sayari yenyewe ndiyo inakufundisha. Haya. Nimeirudia yote, kuanzia kituo cha anga cha Ceres hadi sayari ya Zebes inalipuka, bila kumuuliza mtu na bila kufungua YouTube. Nimerudi na jibu: tumepigwa changa la macho. Kuna sehemu inafundisha kweli, tena kwa ustadi ambao gemu nyingi za leo hazina. Na kuna sehemu inakunyima taarifa waziwazi, kwa sababu taarifa yenyewe mwaka 1994 ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi. Karatasi ambazo mimi na wewe hatuna.

Chukua lile daraja la Brinstar, moja ya maeneo ya Zebes. Bado ni mapema kwenye gemu. Mbele yako kuna matofali yanayoporomoka ukiyakanyaga. Ukitembea, unaanguka. Ukiruka, unaanguka. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha B ili Samus, mhusika unayemchezesha, akimbie na avuke kabla matofali hayajaachia. Sawa, ila hakuna mahali popote kabla ya hapo ambapo gemu imekulazimisha kukimbia. Hakuna alama, hakuna kiumbe wa kukuonyesha. Wachezaji wa Marekani na Ulaya wamelipachika hilo daraja jina la kejeli, kama vile sisi tungesema "daraja la washamba". Jamani, daraja likishapata jina kwa sababu ya wingi wa watu waliokwama hapo, tatizo ni watu au daraja?

Najua kuna mjuaji atakuja na hoja kwamba ukurasa wa kupanga vitufe unakitaja kitufe cha kukimbia. Unakitaja, ndiyo. Kukitaja kitufe na kumwambia mtu kwamba bila hicho kitufe safari yake imeishia hapo ni vitu viwili tofauti.

Na kwa kuwa tumeshafika kwenye vitufe: nani alipanga hivi? Kukimbia ni B, kitufe cha chini kabisa kati ya vile vinne. Kufyatua ni X, cha juu kabisa. Kuruka ni A, pembeni. Kidole gumba ni kimoja. Ukitaka kukimbia huku unafyatua, kidole inabidi kilale kama mtu aliyezimia. Unaweza kuvibadilisha, sawa, lakini huo ndio mpangilio wanaokukabidhi. Kwa anayecheza kwenye kioo cha simu, usiseme. Halafu silaha unazichagua kwa Select, moja baada ya nyingine: makombora, makombora makubwa, Power Bomb (bomu kubwa), kamba ya kunasia, ile miwani ya X-ray. Ukipitiliza unayoitaka, unazunguka tena mwanzo mpaka mwisho, na muda wote huo bosi Ridley anakuchapa mkia.

Kuruka ukutani nako. Kuna wale wanyama watatu wadogo, Etecoon, wanaokuonyesha jinsi ya kupanda kwa kurukia ukuta huu na ule. Wanapendeza. Ila wanachokuonyesha ni mwili unavyokwenda, siyo vidole. Kwamba unatakiwa kwanza ubonyeze upande wa kuupa ukuta mgongo, ndipo ubonyeze kuruka, hilo hawalisemi. Ukikosea mpangilio unarudi shimoni, wao wanakuangalia tu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Gemu hii haikutengenezwa iende peke yake. Boksi lilikuwa na kitabu cha maelezo chenye vitufe vyote. Marekani, Nintendo waliuza na kitabu kizima cha mwongozo wa gemu hii, achilia mbali gazeti lao la Nintendo Power. Ulaya ilitoka kwenye boksi kubwa na mwongozo humo ndani. Mtoto wa kule alikuwa na kitabu mapajani na rafiki wa kumuuliza shuleni kesho yake. Huku kwetu? SNES wengi tuliiona kwenye picha. Waliokuwa na TV gemu walikuwa na zile nakala za Famicom kutoka China, kaseti imeandikwa gemu 9999 halafu ndani ni Contra na Mario zinajirudia majina. Super Metroid wengi tumeikuta ukubwani, kwenye emyuleta, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye simu au kompyuta. Kaseti yake ya megabiti 24 leo ni faili la MB 3 tu. Faili limefika, kitabu hakijafika. Halafu mtu aliyekua na kitabu anakuja kukwambia wewe ndiye mzito wa kuelewa!

Nije kwenye kinachoniuma kuliko vyote: mrija wa kioo. Ni ile njia inayotoka Brinstar nyekundu kwenda upande wa Kraid, bosi mwingine, inapita katikati ya maji. Mara ya kwanza unapita unasema pazuri hapa, unaendelea na safari. Baadaye sana unatakiwa kuingia eneo la Maridia, na njia ni kurudi kwenye mrija huo, kutega Power Bomb ndani yake, upasuke. Bomu la kawaida haliufanyi kitu. Kombora haliufanyi kitu. Na mpaka hapo gemu imekuzoesha kwamba vinavyovunjika ni matofali, milango na maadui, na kwamba mandhari ni mapambo. Ghafla pambo moja, katika sayari nzima, ni mlango. Mtu anaweza kuzunguka Zebes nzima akipiga mabomu kila kona kama mwendawazimu, na ndivyo nilivyofanya, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya.

Linganisha na ule mnara mwekundu wa hukohuko Brinstar. Ukiingia mara ya kwanza unashuka, kupanda huwezi. Kuna vidudu vinakwenda kushoto na kulia, bunduki yako haiviui, unaviona kero tu. Unakwenda zako eneo la Norfair, unapata Ice Beam (risasi za kugandisha), unarudi. Unakigandisha kimoja, unasimama juu yake, unagandisha kingine. Kumbe ilikuwa ngazi muda wote! Hakuna aliyesema neno. Hapo Yoshio Sakamoto, mwongozaji wa gemu hii, na timu yake walifanya kazi ya akili, na ndiyo maana mrija unanipandisha hasira mara mbili. Walikuwa wanajua. Watu wanaojua kufanya hivi hawana kisingizio.

Na hata mwanzo wa gemu ni darasa. Unashuka eneo la Crateria, mvua tu na muziki wa Kenji Yamamoto na Minako Hamano unaonong'ona, hakuna adui hata mmoja. Unajiuliza kuna nini. Unachukua ule uwezo wa kujikunja kuwa mpira, taa inakumulika, ukirudi ulikopita pameamka. Sijawahi kuona utangulizi bora kuliko huo, na wala sisemi kwa kuwapoza.

Ramani, kwa kifupi, maana hii hata mashabiki wake wakibanwa wanakubali. Milango ina rangi: mwekundu makombora matano, wa kijani kombora kubwa, wa njano Power Bomb. Mfumo safi. Ramani sasa haionyeshi mlango hata mmoja. Uliuacha wapi ule wa njano? Shauri yako. Uko Norfair unataka kuangalia ramani ya Brinstar? Haifunguki, nenda Brinstar. Vyumba vya kusevu navyo havikujazi laifu. Unasevu karibu na Ridley ukiwa hoi, ukifa unaamka hoi vilevile, unaanza kusimama kwenye mabomba kuua wadudu ili uokote laifu kidogokidogo. Huo si ugumu, ni kazi ya kibarua.

Mtasema ndivyo gemu za enzi zile zilivyokuwa. Basi niambieni kwa nini Sakamoto huyohuyo, alipoongoza Metroid Fusion mwaka 2002, aliweka kompyuta inayokuelekeza pa kwenda. Akazidisha mpaka ikawa kero, hilo nakubali. Mwaka 2004 kwenye Zero Mission akapata kipimo: sanamu za Chozo (viumbe wa mfano wa ndege) zinakuwekea alama kwenye ramani, njia unatafuta mwenyewe. Waliotengeneza wamerekebisha, ninyi mashabiki ndio mmebaki kulinda mrija.

Msiniletee video za watu wanaoimaliza chini ya dakika 45. Wale wanaijua gemu tofali kwa tofali, hawafundishwi na sayari yoyote. Na msiniambie nikaze. Nimeimaliza.

Anayetaka ubishi aanzie hapo kwenye mrija. Aniambie ni picha gani, sauti gani au kiumbe gani ndani ya gemu kilichomwambia atege bomu pale. Kama jibu ni rafiki, gazeti au YouTube, basi hatuna ubishi, tumeshakubaliana.