Naomba ushauri: mpangilio wa nyimbo za kumkumbuka David Bowie

Habari zenu wapenzi wa roki. Tuko marafiki sita, tunataka kukaa pamoja jioni moja kumkumbuka David Bowie, aliyefariki tarehe 10 Januari 2016, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 69 na kutoa albamu ya Blackstar. Mimi nimepewa kazi ya kupanga nyimbo za saa mbili.

Nilianza kuzipanga kwa miaka, kuanzia Space Oddity ya 1969. Haikukaa vizuri: ukifika Let's Dance ya 1983 mwili umeshachangamka, halafu mwishoni Blackstar inakushukia kama tanzia. Albamu ile bado inaniumiza. Aliirekodi akiugua saratani na sisi mashabiki hatukujua. Nikaihamishia mwanzo, jioni nzima ikapoa.

Wawili kati yetu hawamfahamu sana. Je, Blackstar niiweke wapi? Na upande wa pili wa albamu yake ya Low (1977), ambao karibu wote ni ala tupu, niupige mzima au nichague kipande kimoja? Mimi naupenda mno, ila naogopa wageni watachoka. Nitashukuru sana, hasa kwa waliowahi kuandaa jioni kama hii.