Homa ya ini B: watu wa Tanga, tupeane uzoefu

Bint Makorora: Nilikwenda kupima afya kwa ajili ya safari ya Muscat, nikaambiwa nina homa ya ini B. Safari imekufa. Siumwi popote, ila usingizi sina. Yaliyowakuta nyie yalikuwaje?

Mzee wa Duga: Pole mwanangu. Mie nilijulia kwenye kumtolea shemeji damu. Miaka hiyo, na bado nadunda.

Dada wa Pangani: Hapo kwenye "siumwi" umenikumbusha baba. Macho yakawa manjano, watu wakasema kachezewa. Miguu ikavimba, tumbo likajaa maji, kikoi alichokuwa akikizungusha kiuno chote ncha zikawa hazikutani. Ramadhani, tumemaliza daku, akainama akatapika damu, beseni la kufulia likatapakaa. Hospitali wakasema ini limesinyaa, mishipa ya koo la chakula imepasuka, na kansa ya ini imeshaingia. Idi hakuiona.

Mama Pacha: Innalillahi. Mjomba wangu hivyo hivyo.

Fundi Chuda: Bint, Muheza kuna mzee wa miti shamba, anaing'oa kabisa. Shangazi yangu alipona.

Dada wa Pangani: Usimpoteze mtoto wa watu! Baba alikunywa hayo mizizi mpaka siku ya mwisho.

Fundi Chuda: Nasema nililoliona, dada, usinifokee.

Nesi Mstaafu: Shangazi huenda aliipata ukubwani. Watu wazima 95 kwa 100 miili yao huitoa yenyewe, kwa mizizi au bila mizizi. Inayoganda ni ya utotoni: vichanga 9 kati ya 10 hubaki nayo. Chanjo ya watoto wetu imeanza 2002, nyie mliotangulia wengi hamkuipata. Bint, kapime wingi wa virusi, ini na ultrasaundi. Si kila mtu huanzishwa tenofoviri, dawa ya kukizuia kirusi, ila ukianza usiache bila daktari. Wa nyumbani wapime, wasionayo wachome sindano zao 3.

Bint Makorora: Wifi ameshanitengea sahani na kikombe.

Mama Pacha: Akurudishie! Haipiti kwenye sahani. Wembe na mswaki ndivyo msiazimane.

Mzee wa Duga: Karanga na mahindi yenye ukungu tupa. Sumukuvu ikikutana na kirusi hiki, kansa inakuja mbio. Pombe pia.

Fundi Chuda: Na urojo?

Mzee wa Duga: Urojo mwache ale.

Dada wa Pangani: Bint, baada ya msiba nilipima, ninayo. Alhamisi nina kliniki. Nitumie ujumbe, nikupitie Makorora twende wote.