Chumba cha miezi mitatu London

Kutoka: mwanafunzi, Glasgow

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Vipindi vya darasani vinaisha mwezi wa tano, nimebakiza tasnifu ya kukabidhi Septemba. Katikati hapo nimepata intanshipu London, Juni hadi Agosti, ofisi iko karibu na stesheni ya Liverpool Street. Posho ipo, ila ya kubana. Kwa pango sivuki paundi 800 kwa mwezi. Madalali niliowapigia hawataki mtu wa chini ya miezi sita. Mtandaoni kuna mmoja ana chumba Whitechapel kwa 550, bili zote ndani. Anasema yuko Hispania, nitume dipoziti kwanza, funguo zitakuja kwa posta. Mnanishaurije?

Kutoka: dada, Ilford

Marahaba mdogo wangu. Huyo wa Hispania usimjibu tena, wala usipoteze muda kumtukana. Chumba cha bei hiyo Whitechapel hakipo.

Madalali nao waache, miezi mitatu haiwalipi. Tafuta mtu anayeishi kwenye nyumba yake na ana chumba kimoja cha ziada. Kwenye SpareRoom, tovuti ya kutafutia vyumba, watu hao wamejaa. Hawa serikali inawaruhusu kupokea hadi paundi 7,500 kwa mwaka bila kukatwa kodi ya mapato, na wengi wao hawataki mtu wa kuota mizizi. Kijana wa miezi mitatu anayeshinda kazini ndiye wanayemtaka.

Halafu wewe una turufu mkononi. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa robo ya kodi ya halmashauri. Akiingiza mtu mzima mwingine, punguzo linaondoka. Lakini mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi, kwa hiyo ukiingia wewe anabaki na robo yake. Omba chuoni barua inayoonyesha kwamba kozi yako inaisha Septemba, na ukimwandikia mwenye nyumba, jambo hilo litangulie hata kabla ya kujisifu kuwa huvuti sigara. Mimi nina chumba ninachokodisha (kina mtu, msiniulize), na barua hiyo ndiyo ninayoitaka mwanzo.

Bei isome vizuri. Wakiandika 200 kwa wiki usizidishe mara nne. Mwaka una wiki 52, hiyo ni kama 867 kwa mwezi, tayari imekuvuka. Kwa 800 zunguka huku kwetu: Manor Park, Ilford, Seven Kings. Kwa treni za Elizabeth line tunafika Liverpool Street bila kubadilisha. Mwezi ukikuelemea, basi namba 25 linakwenda katikati ya jiji usiku na mchana, ila uwe na subira.

Kutoka: kaka, Woolwich

Dada kasema kweli, ila kaipaka sukari. Ukikaa ndani ya nyumba ya mtu, sheria inakulinda kidogo sana. Mpangaji wa kawaida, dipoziti yake lazima isajiliwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30. Yako itakaa mfukoni mwa mwenye nyumba. Mkigombana kwa sababu umekaanga samaki saa nne usiku, anaweza kukutoa bila kwenda mahakamani, bora tu akupe notisi ya kutosha, na mara nyingi notisi hufuata unavyolipa. Ukilipa kwa wiki, ni wiki. Lipa kwa mwezi, na muandikiane, hata kama ni karatasi moja.

Dipoziti isizidi pango la wiki tano. Pesa ya kukushikia chumba isizidi ya wiki moja. Anayekutoza ada ili ukakione chumba, huyo mwizi. Sheria ya 2019 imekataza.

Kitu kingine, huko Scotland hukukaguliwa haki ya kupanga, yaani kama viza yako inakuruhusu kupanga nyumba. England utakaguliwa, hata kwa chumba cha bibi kizee. Toa ile namba ya kuonyesha viza yako mtandaoni kabla hujasafiri, inadumu siku 90. Na ukikosa chumba mapema, vyuo vikuu vya LSE na King's hukodisha mabweni yao wakati wa likizo ndefu. Kwa miezi mitatu utafilisika, kwa wiki ya kwanza inasaidia.

Kutoka: mwanafunzi, Glasgow

Asanteni sana. Nimepata mama mmoja Seven Kings, 740 na bili ndani, amefurahia hiyo barua. Ila anataka jibu kufikia Jumatatu na mimi nina mtihani. Kuna anayeweza kunikagulia?

Kutoka: dada, Ilford

Nitapita Jumamosi nikitoka zamu. Anwani nitumie pembeni, usiiweke hapa. Nitasogeza kabati nione kama ukuta una ukungu, nitafungua friji nione rafu yako ni ipi, na nitamuuliza jiko linafungwa saa ngapi. Ukitaka nitakupigia video nikiwa humo ndani, umuulize mwenyewe. Hela usitume mpaka tumeongea.