Renshen, dangshen au xiyangshen: upi unafaa kwa supu?

Mgeni wa Guangzhou: Habari zenu ndugu. Niko Guangzhou kimasomo, na mama mwenye nyumba amenishauri nitie mzizi katika supu ya kuku, kwa kuwa uchovu umeniandama tangu nilipopona homa. Sokoni Qingping nimeonyeshwa renshen (yaani jinsengi yenyewe), dangshen na xiyangshen (yaani jinsengi ya Marekani), na bei zake zimepishana mno. Naomba mnieleze tofauti zake.

Mtabibu Mwanafunzi: Usichukulie kuwa neno shen linaifanya mizizi hiyo kuwa ndugu. Renshen na xiyangshen ni za jenasi moja ya Panax, ilhali dangshen ni Codonopsis, mmea utambaao uliopewa jina kutokana na Shangdang, mkoani Shanxi, na hauna zile ginsenosaidi, yaani kemikali ambazo jinsengi inasifika kwazo. Katika utabibu wa Kichina renshen huhesabiwa kuwa na tabia ya joto, xiyangshen ya ubaridi, na dangshen iko katikati. Kwa hiyo matabibu wengi huitumia dangshen badala ya renshen pale mgonjwa anapokuwa mchovu tu, lakini hawathubutu kufanya hivyo kwa mtu aliye mahututi. Kwa kawaida kipimo cha siku ni gramu 3 hadi 9 za renshen, na 9 hadi 30 za dangshen. Kwa supu yako, mimi ningechagua dangshen bila kusita.

Mama Mpishi: Naunga mkono. Dangshen nzuri ukiikunja haikatiki, na kichwani ina vinundu vingi vya makovu ya mashina, ambavyo Wachina huviita kichwa cha simba. Ukiitafuna ni tamu. Mimi hutia vipande vitatu vya urefu wa kidole pamoja na kunazi nyekundu zilizokaushwa, nikachemsha kwa moto mdogo mpaka nyama iachane na mfupa.

Mfamasia: Kabla ya kununua chochote, tueleze kama unatumia dawa za hospitali. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha kuwa xiyangshen hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tena, uchovu unaodumu baada ya homa hupimwa kwanza, kwani huenda ni upungufu wa damu, na hapo supu pekee haitatosha.

Mgeni wa Guangzhou: Ahsanteni sana. Situmii dawa yoyote. Kesho asubuhi nitakwenda kupima damu, na majibu yakiwa mazuri nitanunua gramu 15 za dangshen, nikikagua hicho kichwa cha simba kwanza.