Cheti cha Skramu kwa dola 200 au zaidi: kinasaidia kweli hapa Lubumbashi?

kijana_kampemba

Jambo yenu wakubwa, jambo ndugu zangu. Naomba shauri kabla sijatoa pesa.

Tuko wanne, tulimaliza infomatiki Unilu, tunafanya kazi kwenye chumba kimoja hapa Kampemba. Tumeandika programu ya duka la dawa, ya shule (kufuatilia nani amelipa minervali, yaani ada ya shule, na nani bado), na ya depo ya saruji. Wateja wanalipa, taratibu lakini wanalipa. Sasa kuna kampuni inayohudumia migodi upande wa Kolwezi imetangaza zabuni: programu ya kufuatilia vipuri vya magari makubwa. Kazi tunaiweza. Shida iko kwenye orodha ya makaratasi. Wanataka kiongozi wa timu awe na cheti cha Skramu Masta kinachotambulika kimataifa, na kati yetu hakuna aliye nacho. (Skramu ni namna ya timu kupanga kazi kwa vipindi vifupi vifupi, na Skramu Masta ndiye anayeisaidia timu kuifuata.)

Kwenye sanduku letu kuna kama dola 450. Nimeona njia mbili. Kuna CSM ya Scrum Alliance, ambayo lazima kwanza usome na mwalimu wao, na masomo yenyewe niliyoyaona yanameza sanduku lote na bado hayatoshi. Kuna PSM I ya Scrum.org, unalipa dola 200 unafanya mtihani ukiwa nyumbani. Wenzangu wao wanasema tuache makaratasi, tununue betri na inverta, kwa sababu umeme ukikatika saa nne asubuhi tunabaki kutazamana hadi jioni.

Nauliza: cheti hicho kinafungua mlango, ama ni cha kutundika ukutani tu? Na mtu akishakipata, kazi yake inakuwa bora? Semeni ukweli wote. Aksanti.

meza_ya_manunuzi

Mdogo wangu, mimi ni kati ya watu wanaoandika orodha kama hiyo iliyokutisha, kwa hiyo nakuambia inavyokwenda upande wetu.

Tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iseme kwamba ukandarasi mdogo ni wa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji iko mikononi mwa Wakongomani, mafaili yanakuja mengi. Ni jambo zuri, ila lazima mtu ayapunguze. Anayeyafungua mara ya kwanza si fundi wa kompyuta. Ana orodha na kalamu: RCCM (usajili wa biashara) ipo, namba ya kodi ipo, kazi zilizopita zipo, cheti kipo. Kisipokuwepo, faili linawekwa pembeni kabla mtu anayejua programu hajaligusa. Duru ya pili ndiyo anaingia fundi, na sijawahi kumsikia fundi wetu akiuliza cheti. Anauliza mlimfanyia nani, na anaomba namba ya huyo mtu ampigie.

Kama zabuni haikutaja jina la cheti, mimi napokea CSM na PSM I sawasawa. Kama una wasiwasi, andika barua ya kuuliza kabla ya tarehe ya mwisho. Watu wanaogopa kuuliza bure.

yaya_ruashi

Mdogo wangu, naongoza timu ya wasanidi watano hapa Lubumbashi. PSM I ninayo. Nimefanya kazi na watu wenye CSM, na mwenye PMI-ACP (cheti kingine cha namna hiyo), na wengi wasio na chochote. Nasema hivi: lipa PSM I, usilipe zaidi ya hapo mwaka huu, na pesa inayobaki iende kwenye betri. Wenzako wana haki.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayouma. CSM unakaa darasani na mwalimu aliyeidhinishwa, kawaida siku mbili, halafu mtihani wa maswali 50 ambao ukipata 37 umepita. Si mtihani mgumu, na wenyewe hawauoni kuwa ndio kiini, unalipia mwalimu. Mwalimu mzuri anafaa, sikatai. Lakini kila baada ya miaka miwili utalipa tena dola 100 na kuonyesha pointi 20 za kujiendeleza, la sivyo cheti kinalala. PSM I ina maswali 80 kwa dakika 60, unatakiwa upate asilimia 85, yaani 68. Hakuna sharti la kupita darasani na hakina mwisho. Ukikipata leo ni chako hadi uzeeni. Kwa timu ya watu wanne yenye sanduku moja, cheti kinachodai ada kila baada ya miaka miwili ni mzigo mtakaoubeba hata mwaka ambao hamna zabuni.

Na kinapima nini? Kinapima kama umeuelewa mwongozo wa Skramu. Mwongozo huo waliuandika Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ulitoka mara ya kwanza 2010, na toleo tunalotumia sasa ni la Novemba 2020. Ni kurasa chache, unausoma kabla bukari (ugali) haijapoa. Ni wa bure, na upo kwa Kifaransa. Ndani yake utaona sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, isizidi mwezi mmoja, kikao cha kila siku kisizidi dakika 15, timu ndogo, kwa kawaida watu 10 au pungufu. Hakuna mstari hata mmoja unaokufundisha kuandika programu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti, ujue amesoma na ameelewa maneno. Bado hujajua kama anaweza kusikiliza.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo, niruhusu nikueleze kitu nilichokiona kwa macho.

Tuliitwa kwenye depo ya unga wa mahindi, ule unaoingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kabla yetu ilikuwepo timu nyingine, kiongozi wake ana cheti, ana ubao wenye karatasi za rangi, kila asubuhi wanasimama dakika zao 15, sprinti zao za wiki mbili hazichelewi. Kila kitu kama kitabu kinavyotaka, isipokuwa kimoja: mama anayeuza, yule anayekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa depo na daftari lake mapajani, hakuwahi kuonyeshwa kitu. Aliyeonyeshwa ni patroni, mjini, ofisini kwake. Programu ilipofika depo ikataka jina kamili na namba ya simu ya kila anayechukua unga kwa deni. Mama akafungua daftari. Papa Veste, mifuko mitatu. Mke wa mwalimu, mmoja. Wa pikipiki nyekundu, miwili. Wote anawajua kwa sura, wote wanalipa Jumamosi, na hakuna hata mmoja anayemjua kwa jina la kitambulisho. Programu ikamkatalia. Akairudia kalamu yake, na kompyuta ikafunikwa kitambaa.

Sisi tulianza na ukurasa mmoja tu. Jina lolote unalomwita mtu, mifuko mingapi, amelipa ama bado. Tukampelekea mama akiwa palepale kwenye kiti chake, tukanyamaza, tukamwacha abonyeze mwenyewe. Akauza wa kwanza, wa pili, kisha akauliza: na mfuko uliopasuka naandika wapi? Kwa patroni mfuko uliopasuka ni hasara. Kwake ni unga wa kupimia wanaotaka kidogo, na kuna siku ndiyo biashara kubwa kuliko mifuko mizima. Katika vikao vyote vilivyofanyika mjini, hakuna aliyejua kwamba kitu hicho kipo. Tulikiweka, tukarudi kwake, akaongeza kingine. Programu hiyo inatumika hadi leo.

Mwongozo una jina la tendo hilo, ni mapitio ya mwisho wa sprinti. Timu ya kwanza walikuwa nayo kwenye ratiba yao, na mtihani unakuuliza nani wanahudhuria na muda usizidi saa ngapi (saa 4 kwa sprinti ya mwezi mzima). Lakini hakuna swali la mtihani linaloweza kukuamulia uende kwa patroni ama uende mlangoni mwa depo.

Ndiyo maana watu wakibishana kuhusu vyeti huwa nawarudisha 2001. Mwezi Februari mwaka huo watu 17 walikutana Snowbird, Utah, kule Marekani, wakaandika ile ilani ya ajaili, yaani kutengeneza programu kidogo kidogo huku ukibadilika kufuata anayeitumia, na Skramu ni njia mojawapo ya kufanya hivyo. Schwaber na Sutherland walikuwemo, Kent Beck alikuwemo. Jambo la kwanza waliloandika ni kwamba wanathamini watu na mashauriano yao kuliko taratibu na vifaa, na la pili, programu inayofanya kazi kuliko makaratasi mengi. Isome, inaenea kwenye ukurasa mmoja, na haina neno cheti.

Sitaki uelewe kwamba kusoma ni kazi bure. Kujiandaa kwa mtihani kulininyoosha. Kuna watu hadi leo wanaendesha kikao cha asubuhi kwa maswali matatu, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia, kila mmoja anajibu akimtazama kiongozi kama mwanafunzi anayehesabiwa. Toleo la 2020 liliyaondoa maswali hayo. Kikao ni cha wasanidi wapange siku yao, wanachagua wenyewe namna ya kuzungumza. Nilipoanza kukaa kimya asubuhi, kijana wetu mmoja mpole ndiye aliyeanza kuwaambia wenzake kwamba sehemu ya malipo itachelewa. Kabla ya hapo alikuwa ananijibu mimi tu, kwa adabu, kwamba mambo yanaendelea. Hilo peke yake lilinilipa ile dola 200.

Kwa faili lako weka cheti, kwa sababu meza_ya_manunuzi amekuambia wazi bila hicho halifunguliwi. Nyuma ya cheti weka kurasa mbili juu ya ile depo ya saruji: mlianza na nini, muuzaji alisema nini, mkabadilisha nini, baada ya muda gani. Na namba ya simu ya mwenye depo, kwa ruhusa yake.

fundi_bkv

Niko Bukavu, naongeza ya mtandao tu, yaya amemaliza mengine. Dakika 60 kwa maswali 80 ni sekunde 45 kwa swali, na intaneti ikikatika saa ya mtihani haikusubiri. Fanya asubuhi mapema kabla mtandao haujajaa, kompyuta iwe na chaji kamili, simu mbili za laini tofauti ziko tayari kutoa intaneti. Kibali unachonunua ni cha jaribio moja. Ukifeli unanunua kingine. Kabla ya kulipa, rudia jaribio lao la bure, Scrum Open, maswali 30, hadi uwe unapata yote au unakosa moja, kila mara, siku tofauti. Na Kiingereza chako kiwe cha kusoma haraka. Mimi nilikuwa naelewa swali vizuri, ila muda ukawa unanikimbia.

kijana_kampemba

Aksanti sana yaya, aksanti wakubwa wote. Tumesoma pamoja hapa ofisini, aliyekuwa anang'ang'ania betri amefurahi. Nina maswali mawili ya mwisho. Kati yetu nani afanye mtihani: mimi ninayeongea na wateja, ama mwenzetu anayeandika programu vizuri kuliko wote? Na hawa watu wa Kolwezi wanataka bei moja na tarehe moja, vyote vimeandikwa kwenye mkataba. Sasa sprinti na mabadiliko tutayaweka wapi?

yaya_ruashi

Afanye anayeongea na wateja, kama ndiye atakayekuwa anakwenda Kolwezi. Huyo mwandishi mzuri mwacheni na kazi yake. Ukitaka kumwongezea kitu, mwongezee muda wa kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kukagua programu, ili mkibadilisha kitu wiki ya sita msivunje cha wiki ya kwanza. Bila hayo hakuna ajaili, hata mngekuwa na vyeti vinne.

Bei moja na tarehe moja ndiyo hali ya hapa, usipigane nayo. Andika hivi ndani ya ofa yenu: kila wiki mbili mtaonyesha programu inayofanya kazi, ghalani, mbele ya mtunza vipuri mwenyewe na si kwa mkuu wa ofisi pekee. Malipo yagawanywe kufuata maonyesho hayo. Mtunza vipuri akitaka kitu kipya, kinaingia, na kitu chenye ukubwa sawa ambacho hakijaanzwa kinatoka, kwa sahihi ya pande zote mbili. Bei na tarehe hazisogei, na wao wanapata wanachokihitaji kweli. Wengi wanakubali ukiwaeleza mapema. Wakishasaini mkataba usio na kipengele hicho, ni vigumu kukiingiza.

Gharama za safari za Kolwezi zihesabuni ndani ya bei tangu sasa. Hapo ndipo timu ndogo hubana, zikaacha kwenda baada ya mara ya pili. Ukimaliza rasimu ya kipengele hicho, kiweke hapa tukisome pamoja kabla hujapeleka faili.